Nakwenda kuzamia, lakini siyo kule mnakofikiria

Wiki iliyopita nilimwambia mwenzangu wa meza ya jirani pale chumba cha habari kwamba mwezi wa nne mwakani nakwenda kuzamia. Nilisema kwa sauti ya kawaida tu, huku natafuta chaja. Chumba kizima kikanyamaza. Mhariri wa michezo, ambaye siku zote swali lake kwangu ni moja tu, "umemaliza habari yako?", akasogeza kiti na kuniuliza ni meli gani, bandari gani, na kama wazazi wameshaagwa. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa Kiswahili chetu cha Dar es Salaam kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya mizigo ukimwomba Mungu uamkie Ulaya. Ilibidi nianze kueleza upya: nazamia kweli, ndani ya maji, na mtungi wa hewa mgongoni, kwa nauli iliyolipwa, na narudi.

"Kwa hiyo unalipa hela ili uzame?"

Ndiyo. Nalipa ili nizame. Au tuseme kaka analipa.

Haya, nieleze maana najua wasomaji wangu mtauliza mwandishi wa gazeti la hapa Bongo amepata wapi mshiko wa kwenda Karibi. Kaka yangu mkubwa anaishi Rotterdam, huu ni mwaka wa kumi na nne. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akapata na mke. Bibi alidhani tumepata shemeji wa Kizungu, mambo ya jibini na baiskeli. Kumbe shemeji ni mtu wa Bonaire, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi, kilomita kama 80 hivi kutoka pwani ya Venezuela. Kisiwa hicho kiko chini ya Ufalme wa Uholanzi. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya nchi hiyo, ingawa hela yao ni dola ya Marekani na watu wa mtaani wanaongea Papiamentu, lugha iliyochota kwa Wareno, Wahispania, Waholanzi na Waafrika waliopelekwa kule. Mimi nimejaribu kujifunza. Nimefika "bon dia" na hapo ndipo nilipo.

Wazazi wetu na wazazi wa shemeji hawajawahi kuonana. Miaka yote hiyo, mtoto wa kaka ana miaka 11 sasa, babu wa Mwanza na babu wa Bonaire wanapungiana mikono kwenye simu tu. Mwaka huu kaka akaamua imetosha: ameweka akiba, familia yote inakwenda, siku tisa. Baba, mama, mdogo wetu wa kike, mimi, na wao watatu kutoka Rotterdam. Mimi nikapewa kazi ya kupanga safari ya kuzamia, kwa hoja moja ya kaka: "Wewe ni mwandishi, kuulizauliza ndiyo kazi yako."

Nimeulizauliza. Na ndiyo maana kwa mwezi mzima sasa naonekana mtu mbaya katika kundi la familia la WhatsApp.

Mpango wa kwanza wa kaka ulikuwa hivi. Siku saba za mwanzo tukae na wakwe, tule, tutembee, tuzoeane. Jumamosi, siku ya mwisho, mchana wote twende kuzamia mara mbili kama kilele cha safari, tutoke majini saa kumi jioni, tupige picha, tufunge mabegi. Jumapili saa moja asubuhi tupo kwenye ndege. Ukiusoma haraka ni mpango mzuri kabisa. Watu wote waliweka dole gumba. Mimi peke yangu nikaandika: hapana.

Jamani, naomba nieleweke kwamba sikukataa kwa ujuaji. Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo hapa juu haitusumbui wala haitusaidii. Ukishuka majini, kila mita 10 uzito wa maji unaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu nchi kavu. Mita 10 ni mara mbili ya hapa, mita 20 ni mara tatu. Mtungi unakupa hewa yenye mgandamizo huohuo wa maji yanayokuzunguka, vinginevyo kifua kisingeweza kuvuta. Kwa hiyo naitrojeni nyingi kuliko kawaida inaingia kwenye damu na nyama zako na kutulia humo. Chukua soda, itikise, halafu fungua kizibo kwa mara moja. Ndivyo mwili unavyofanya mgandamizo ukiondoka ghafla. Ndiyo maana mzamiaji hupanda taratibu, mita 9 kwa dakika na si zaidi, kisha husimama kama dakika tatu kwenye mita 5 akiwa ananing'inia tu kama popo, anasubiri. Mapovu yakijitengeneza kwenye viungo unapata maumivu. Yakijitengeneza kwenye uti wa mgongo unaweza kupooza.

Sasa ndege. Ndani ya ndege kubwa ya abiria mgandamizo wa hewa unaweza kushuka ukawa kama uko kwenye mlima wa mita 2,400. Yaani unatoka majini jioni ukiwa bado umebeba naitrojeni, kesho yake asubuhi unapelekwa mlimani ndani ya dakika chache. Unafungua soda. Mwongozo ambao wazamiaji wengi wanaufuata, ule wa shirika la DAN lililoanzia Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani mwaka 1980, unasema angalau saa 12 kama umezamia mara moja tu bila kupitisha muda wa kina husika, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Kaka alikuwa ametupangia kuzamia mara mbili na saa 15. Mimi nasema saa 24 na kuendelea, na sitaki mjadala.

Mjadala ulikuwepo. Kaka akasema watu wanafanya kila siku na hawafi. Hii hoja nimeisikia sana kazini. Nimeisikia kwa dereva wa daladala aliyejaza watu hadi mlangoni, nimeisikia kwa fundi aliyeunganisha umeme kwa waya wa kuazima. "Wanafanya kila siku." Ndiyo, na sisi wa magazetini tunawaandika siku ile moja.

Kumbe kupanga safari ya namna hii kunaanzia mwisho. Unachukua saa ya ndege ya kurudi, unarudi nyuma siku mbili, unapiga mstari, na hapo ndipo mitungi inawekwa chini. Kwa hiyo sasa kwenye mpango wetu mzamo wa mwisho ni Ijumaa kabla ya mchana. Jumamosi yote ni ya nchi kavu. Na siku ya kwanza na ya pili hakuna kuzamia pia, kwa sababu mtu aliyetoka Mwanza akapita Dar es Salaam, akapita Amsterdam, akavuka Atlantiki, hana akili ya kukumbuka apumue vipi. Zinabaki siku tano. Kwa familia ya watu saba siku tano zinatosha sana, hasa ukizingatia kwamba wanaozamia kwa kweli siyo saba. Hapo ndipo ugomvi wa pili ulipoanzia.

Kabla hujaruhusiwa kuvaa mtungi unapewa fomu ya afya. Fomu hiyo, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020, ni fupi na haina haya: inauliza mapafu, moyo, kifafa, masikio, mimba, dawa unazokunywa. Ukiwa umevuka miaka 45 inakuuliza habari za sigara, lehemu kwenye damu, presha. Ukijibu ndiyo mahali panapohusika, huzamii mpaka daktari akupime na kutia sahihi. Nikaipiga picha nikawatumia wote. Mdogo wangu ana pumu na pampu yake haimtoki mkobani. Yeye alisoma ukurasa wa kwanza, akaandika "mimi nitapiga picha," mambo yakaisha. Kaka na mtoto wake wako safi. Shemeji amezamia tangu yuko sekondari, yeye ndiye mwalimu wetu. Akabaki Baba.

Baba ana miaka 63. Amefundisha hisabati miaka thelathini na kitu, amestaafu, na ana presha ambayo kila mtu nyumbani anaijua kama anavyojua jina la mbwa wetu. Nilimpigia jioni.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umeshaniandikisha?"

"Bado. Kuna maswali ya kujibu kwanza. Hapa wanauliza kama una presha."

"Andika hapana."

"Baba, si unakunywa vidonge kila siku asubuhi?"

"Ndiyo maana yake. Navinywa, inashuka. Ikishashuka sina."

Hebu niambieni, huyo ni mtu aliyenichapa viboko vinne darasa la tano kwa sababu niliandika jibu sahihi ambalo njia yake sikuwa nayo! Alisema jibu bila njia ni wizi. Nikamkumbusha. Akasema hiyo ilikuwa shule, hii ni likizo.

Nilikaa na hilo jambo siku mbili. Ni rahisi kusema mzee ana ukaidi. Lakini nilimfikiria pia: maisha yake yote amewapeleka watoto wa wenzake kwenye mitihani, hajawahi kupanda ndege, na sasa mwanawe wa Ulaya amempa nafasi ya kuona kitu ambacho hajawahi hata kukiota, halafu kuna karatasi inamwambia wewe baki ufukweni na mabegi. Mimi ningeumia. Na nakiri kwamba usiku mmoja nilikaribia kuandika hapana. Kalamu ilikuwa mkononi. Nani angejua?

Kilichonizuia ni jambo moja nililojifunza kwenye somo la kwanza kabisa: hakuna anayezamia peke yake. Mnashuka wawili wawili. Kila mmoja ana kinywa cha pili cha kupumulia, cha akiba, na hicho cha akiba si chako, ni cha mwenzako akiishiwa. Kabla ya kuingia mnakaguana mikanda, mnaangaliana kipimo cha hewa. Sasa ukiongopa kwenye fomu hujiongopei wewe peke yako, umemwongopea na yule atakayekushika mkono mita 12 chini ukianza kuona giza. Mtu akizama majini, hata akiwa ametulia, damu ya miguuni inasukumwa kuelekea kifuani na moyo unaongezewa kazi. Matatizo ya moyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazamiaji, hasa watu wazima. Na mwenza wa Baba kwenye mpango wa kaka alikuwa nani? Mimi. Mwanafunzi mwenye mizamo mitatu, simwezi Baba hata kwenye kubeba gunia la mchele.

Nikampigia tena nikamwambia hivyo hivyo: "Baba, mwenzako chini ni mimi. Ukianguka nani atakuinua?" Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kesho naenda hospitali."

Daktari alimpima, akampandisha kwenye ule mkanda wa kukimbilia wenye nyaya kifuani, akamwambia mwaka huu hapana, kwanza presha itulie kwa miezi kadhaa, dawa zibadilishwe, ndipo waongee. Baba hakuniandikia kwa siku tatu.

Wakati huohuo mimi nilikuwa kwenye bwawa la kuogelea. Hii nayo niseme, maana nimeona watu wengi wanakosea. Ukienda kwenye visiwa kama vile unaweza kupewa somo la asubuhi moja na mchana ukashushwa na mkufunzi, si zaidi ya mita 12. Ni halali na kwa mtu makini ni salama. Lakini kama una mwezi mmoja au miwili kabla ya safari, kwa nini utumie siku za likizo kukaa darasani wakati wakwe zako wamekaa barazani wanakusubiri? Cheti cha kwanza cha kuzamia, kinachokuruhusu kwenda hadi mita 18, kina nadharia, kina mazoezi ya bwawani, na kina mizamo minne ya baharini. Nadharia na bwawa unaweza kumalizia huku kwetu, Dar es Salaam au Unguja, ukapewa barua, mizamo ya baharini ukaenda kuifanyia kule. Mtoto wa kaka naye amefanya hivyo huko Rotterdam, kwenye bwawa la ndani, maana kuanzia miaka 10 anaruhusiwa, ila kwa umri wake asipite mita 12 na awe na mtu mzima.

Mimi sikujua kuogelea mpaka nina miaka 24. Nimezaliwa kilomita mbili kutoka Ziwa Victoria! Cheti kinataka uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika 10. Hizo mita 200 zilinichukua wiki tano. Kuelea nilielea haraka, nashukuru. Lakini siku ya kwanza ya mtungi, mita mbili tu za maji, mkufunzi alinipa ishara nijaze maji kwenye miwani kisha niyatoe kwa kupuliza kwa pua. Maji yalipogusa pua nikasahau kila kitu. Nilipanda juu kama kizibo, nimebana pumzi, jambo ambalo ndilo la kwanza kukatazwa, kwa sababu hewa uliyoivuta chini inatanuka unapopanda na ukiibana inaweza kupasua mapafu, hata kwenye kina cha bwawa. Mkufunzi hakunifokea. Alisema tu, "Sasa fikiria ungekuwa ndiyo kwanza unajifunza hili Karibi, na familia yote inapiga picha." Nilirudia zoezi lile mara kumi na moja.

Kuna mtu nimemkwepa tangu mwanzo, naye ni Mama. Mama haandiki kwenye kundi la familia mambo ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa, na shangazi yake alikuwa ndani. Sisi tumekulia kwenye habari hiyo. Meli ilikuwa imeelea chini juu, watu ndani wanagonga, wakatoboa tundu ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka na meli ikazama. Mama aliwahi kunieleza mara moja tu, nikiwa mdogo, na aliishia hapo kwenye sauti ya hewa kutoka. Kwa hiyo mimi ninapokaa naeleza kwa furaha habari za hewa na mgandamizo, najua yeye anasikia kitu kingine. Kaka anasema tusimwambie siku ya kuzamia, tumwambie tumekwenda sokoni. Hapo pia nimekataa. Mtu hawezi kuwa amekwenda likizo na familia yake akawa anadanganywa waliko watoto wake. Nimemwambia kila kitu, hadi kwamba chumba cha kutibia ugonjwa wa mapovu kipo hukohuko kisiwani, Kralendijk, na kwamba kila anayezamia atakuwa na bima inayolipa matibabu hayo. Alisikiliza akakunja kanga, akasema, "Nimesikia."

Nikija kwenye kisiwa chenyewe, kuna mambo nisiyoyatarajia. Bonaire waliwalinda kasa tangu 1961, wakapiga marufuku kuvua samaki kwa bunduki ya mshale mwaka 1971, wakaitangaza bahari inayozunguka kisiwa chote kuwa hifadhi mwaka 1979, hadi kina cha mita 60. Matumbawe yanaanzia hatua chache tu kutoka ufukweni, hivyo huhitaji boti: barabarani kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano yenye majina, unaegesha gari, unavaa mtungi, unaingia kwa miguu. Lakini usidhani ni bure. Mgeni mtu mzima analipa kodi ya kuingia kisiwani dola 75, na anayeingia baharini analipa dola 40 za hifadhi kwa mwaka. Yaani dola 115 kabla hujalowesha kidole. Kaka alilalamika, mimi nilimwambia alipe na asinung'unike. Kisiwa cha watu kama 25,000 hakiwezi kulinda bahari kwa maombi. Glovu ni marufuku, ili usijisikie huru kushikashika matumbawe. Mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe yamekatazwa tangu 2021. Na hata uwe na cheti cha kimo gani, mzamo wa kwanza ni wa kukaguliwa kama unajua kuelea bila kukanyaga kitu.

Pamoja na yote hayo bahari ile inaumwa. Mwaka 2023 ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, uliingia Bonaire, na mwaka huohuo maji yalichemka kwa joto mpaka matumbawe mengi ya Karibi yakapauka. Ndiyo maana vifaa lazima vioshwe kwa dawa, visibebe ugonjwa kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Nikisoma hayo najiuliza kama sisi saba kupanda ndege kuvuka bahari kwenda kuyatazama si sehemu ya ugonjwa wenyewe. Sina jibu linaloniridhisha. Tungekwenda hata kama kusingekuwa na bahari, kwa sababu ya wakwe. Hicho ndicho ninachojiambia.

Halafu kuna yule samaki! Mwenye milia myekundu, mapezi kama mapazia na miiba ya sumu, Wazungu wamempa jina la simba. Kwao Karibi ni mvamizi. Alionekana Florida mwaka 1985, akaenea, Bonaire wakamwona mwaka 2009, anakula vifaranga vya samaki wengine na hana adui wa maana. Sasa huyo kwao ni wapi? Ni kwetu. Aina mbili zimevamia kule, na moja ni ya Bahari ya Hindi, wa hapahapa pwani yetu. Shemeji ananiambia wamejifunza kumchoma na kumla. Kwa hiyo Mtanzania wa kwanza kufika Bonaire pengine alikuwa na mapezi, na hakuwa mgeni mwema.

Wengine mmeshaanza kuniuliza pembeni kwa nini tusizamie Mafia, ambako hifadhi ya bahari ipo tangu 1995, na hela ikabaki nyumbani. Swali zuri. Mafia nitakwenda, nimeshaapa, hata kwa basi na boti. Ila huko hakuna wakwe zetu, na mimi nimechoka kuambiwa kwamba Mwafrika akisafiri mbali lazima awe na sababu ya shida.

Ila kuna jambo la Karibi ambalo Mafia wasingenipa. Kusini mwa Bonaire kuna mashamba ya chumvi, mazuri mno kwa picha, maji ya waridi na korongo wekundu. Kando yake, ufukweni, kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa kama mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliochimba chumvi. Ni vidogo kiasi kwamba mtu mzima anaingia kwa kuinama hadi magotini. Mwisho wa wiki watu hao walitembea mwendo wa saa saba hivi kurudi kwa familia zao Rincon, kaskazini. Uholanzi ilifuta utumwa katika makoloni yake ya Karibi tarehe 1 Julai 1863. Waziri mkuu wao aliomba radhi Desemba 2022, na mfalme Julai 2023. Sasa sikilizeni: sehemu mbili za kuzamia zilizo mbele ya vibanda hivyo, zenye mawe yao ya njano, zinaitwa White Slave na Red Slave. Rangi hizo zinatokana na vibanda na nguzo za kuongozea meli za chumvi. Mtalii anashuka kwenye gari anasema, leo tunazamia Red Slave, ni pazuri ila mkondo una nguvu.

Mama yake shemeji ni mtu wa Rincon. Nilimuuliza shemeji kama jina lile linamuudhi. Akasema akiwa mdogo hakulifikiria, ni jina la mahali, kama sisi tulivyo na Bagamoyo. Akanikata maneno. Ni kweli, sisi tuna ufuko wetu wa biashara hiyo na tunakwenda kufanyia harusi na semina. Hata hivyo nimeamua, na hii ndiyo sehemu pekee ya mpango ambayo sijaomba kura ya mtu: tutazamia kwingine. Mbele ya vibanda tutakwenda Jumamosi, siku ile ya nchi kavu, wote saba pamoja na wakwe, Baba akiwa na kofia yake, na mtoto wa kaka aingie ndani ya kibanda atoke.

Baba juzi amevunja ukimya. Alituma picha ya miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia aliyoiona dukani Mwanza, akauliza kama inaweza kuvaliwa na mtu mwenye lenzi za kusomea. Nimemtafutia yenye lenzi. Daktari amemruhusu kuelea juujuu maji yakiwa ya kifuani, mmoja wetu akiwa kando yake, na kwa Bonaire hapo tu ataona mengi.

Na Mama ameomba karatasi. Anataka imeandikwa kila siku nani anaingia majini, na nani, saa ngapi, na anatoka saa ngapi, kwa sababu yeye na mama wa Rincon watakuwa wamekaa ufukweni wanahesabu vichwa. Nimemwandikia: siku ya kwanza, kuingia saa tatu asubuhi, kutoka saa nne kasorobo. Ameisoma, akauliza kama huyo mama wa Rincon anahesabu saa kama sisi au kama Wazungu. Nimemwomba shemeji awafundishe wote wawili kabla ya mwezi wa nne.